Malcom McLean: Dereva wa lori moja aliyeijua bei ya kusubiri

KILA lori linalotoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam likiwa na kontena mgongoni linafuata hesabu iliyopigwa na dereva mmoja wa Marekani. Dereva huyo, Malcom McLean, hakuwa mhandisi wala baharia. Alianza na lori kuukuu la mkopo, akiendesha mwenyewe, katika miaka ambayo wakulima wa kwao walikuwa wakiuza mazao kwa hasara na mabenki yalikuwa yakifunga milango.

Anapotajwa leo, hutajwa kwa kontena na kwa mamilioni aliyopata. Miaka yake ya mwanzo barabarani husemwa kwa sentensi mbili tu. Lakini kwa mkulima au mfanyabiashara anayefikiria kuweka rehani shamba ili anunue lori lake mwenyewe, miaka ile ndiyo yenye mafunzo. Na miaka yake ya mwisho, alipofilisika akiwa mzee, ina mafunzo mengine ambayo wengi hawapendi kuyasikiliza.

Mayai ya mama na mapipa ya oili

McLean alizaliwa Novemba 14, 1913, karibu na mji mdogo wa Maxton katika jimbo la North Carolina, kusini mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, lakini shamba peke yake halikutosha kulisha familia kubwa, hivyo akawa pia anasambaza barua vijijini. Mama yake alimpa mtoto mayai akauze kandokando ya barabara kwa kamisheni. Hapo ndipo alipojifunza mapema kwamba bei ya kuuzia siyo faida, na kwamba yai likivunjika njiani hasara ni ya muuzaji.

Alimaliza sekondari mwaka 1931, wakati Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Fedha za chuo hazikuwepo. Alifanya kazi ya kupanga bidhaa katika duka la vyakula, kisha akapata nafasi ya kusimamia kituo cha mafuta katika mji jirani wa Red Springs. Hata mafuta ya kuanzia hakuweza kuyalipia. Rafiki wa familia ndiye aliyemkopesha.

Akiwa kituoni aligundua jambo lililomkera. Dereva aliyekuwa akileta oili kutoka Fayetteville, umbali wa kilomita zipatazo 45, alikuwa akilipwa dola 5 kwa safari. Kwa siku zile, dola 5 zilikuwa fedha za maana kwa kijana wa kijijini. McLean aliomba aifanye kazi hiyo mwenyewe, na mwenye kituo akamruhusu kutumia tela kuukuu lililokuwa likiota kutu uani. Machi 1934 akaanzisha kampuni aliyoiita McLean Trucking. Dereva alikuwa mmoja, naye ni yeye, huku akiendelea kuuza mafuta kituoni. Baadaye ndugu zake, Clara na Jim, waliingia naye katika biashara hiyo.

Kuna jambo hapa ambalo wanaoingia kwenye biashara ya malori hulisahau. McLean alikuwa na mzigo kabla ya kuwa na lori. Oili ilihitajika kituoni kila mara, mlipaji alijulikana, na bei ya safari ilijulikana. Watu wengi hufanya kinyume. Hununua lori kwanza, kisha huanza kuzunguka mjini kutafuta mzigo, wakati rejesho la benki linaendelea kuhesabiwa.

Dola 3 kila wiki

Muda si mrefu mtu mmoja wa pale alikubali kumuuzia tipa kuukuu kwa malipo ya dola 3 kila wiki. Kwa tipa hilo McLean akapata kazi ya kusomba udongo katika miradi ya serikali iliyokusudiwa kuwapa watu ajira.

Dola 3 zinaonekana ndogo, lakini zilikuwa zinadaiwa kila wiki, mvua inyeshe au jua liwake. Tipa likienda gereji, dola 3. Udongo usipopatikana, dola 3. Kwa mwaka mzima hizo ni dola 156, na hakuna hata moja kati yake inayojali kama magurudumu yalizunguka. Hii ndiyo gharama ya kwanza ya mwenye lori: ile ya kusimama. Kwa lugha ya leo inajumuisha rejesho la mkopo, bima, leseni ya njia, maegesho, na mshahara wa dereva kama analipwa kwa mwezi.

Gharama ya pili ni ile ya kutembea: mafuta, matairi, oili, breki, spea, tozo za barabara, chakula na malazi ya safarini. Hii inaongezeka kwa kila kilomita. Mwenye lori asiyezitenganisha hizi mbili hudhani amepata faida kila anapolipwa, kwa sababu fedha iko mkononi. Tairi lililolika na injini iliyochoka havimpelekei ankara siku hiyo. Vinamsubiri mbele ya safari, na siku vinapodai hudai kwa mkupuo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na lori ni mali inayoisha haraka kuliko ng'ombe.

Spana iliyobaki darajani

Baada ya kupata dereva wa kumsaidia, McLean aliongeza lori na kuanza kubeba mboga za wakulima wa kwao kupeleka masoko ya kaskazini, hadi New Jersey na New York. Hiyo ni safari ya karibu kilomita 900 kwenda tu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu safari mojawapo. Alifika kwenye daraja la kulipia akiwa hana hata fedha za tozo. Mzigo alikuwa nao, lakini thamani yake yote ilikuwa bado iko ndani ya magunia na makreti, sokoni hajafika. Akaacha spana yake kwa mtoza ushuru kama dhamana, akavuka, akauza mzigo, na alipokuwa akirudi akailipia na kuichukua.

Kisa hicho kinachekesha, lakini mwenye lori yeyote anakijua kwa jina lingine: kukosa fedha ya mzunguko. Gharama za safari hulipwa leo, na mteja hulipa mwisho wa safari, au mwisho wa mwezi, au anapojisikia. Kati ya siku hizo mbili ndipo malori mengi hukwama, siyo kwa sababu kazi haina faida, bali kwa sababu faida haijafika. Mtu anayetumia mtaji wake wote kununua lori na kubakiwa na tangi moja la dizeli ameshaiacha spana darajani kabla hajaondoka nyumbani.

Madereva tisa na malori yao

Mwaka 1935, mwaka mmoja tu baada ya kuanza, McLean alikuwa na malori mawili na kichwa kimoja chenye tela. Lakini alikuwa akifanya kazi na madereva tisa waliokuwa wanamiliki malori yao wenyewe. Tayari kampuni yake ilikuwa imebeba mapipa ya chuma hadi New Jersey na nyuzi za pamba hadi viwanda vya nguo vya New England.

Mpango huu ulimnufaisha sana. Yeye alitafuta mizigo, akaongea na wateja na kuandika hati. Wale tisa walibeba rejesho la lori, matairi na hatari ya kuharibika njiani. Kila mmoja alikuwa tajiri kwa jina, kwa maana ya kumiliki chombo, lakini bila mzigo kutoka kwa McLean chombo hicho kilikuwa chuma kilichosimama.

Siyo kwamba aliwadhulumu. Ndiyo ilivyokuwa biashara, na ndivyo ilivyo hadi leo. Katika usafirishaji, anayemshika mteja ana nguvu kuliko anayeshika usukani. Kijana anayenunua lori na kulikabidhi kwa kampuni au dalali mmoja, akimtegemea huyo kwa kila safari, amenunua ajira kwa mkopo. Hajanunua biashara bado.

Karatasi ni mali

Mwaka huohuo wa 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka malori ya biashara ya kati ya majimbo chini ya tume ya serikali. Tangu hapo, mwenye lori hakuweza kubeba anachotaka kwenda anakotaka. Alihitaji kibali cha njia na cha aina ya mzigo, na bei zake zilipaswa kuwasilishwa kwa tume. Kampuni mpya ilipoomba njia, kampuni zilizokuwepo na shirika la reli zingeweza kupinga.

Wengi walilalamika. McLean alisoma sheria hiyo kama alivyosoma barabara. Alitambua kwamba kibali kina thamani kuliko lori, kwa sababu lori linapatikana popote na kibali hakipatikani. Akawa ananunua au kukodi haki za njia za makampuni mengine. Mwaka 1947 alipotaka kubeba sigara kutoka Durham kwenda Atlanta kwa karibu nusu ya bei ya wengine, ilimpasa kuonyesha tume kwamba bei hiyo haimli yeye mwenyewe. Alishinda, kwa kuwa alizijua gharama zake hadi senti. Mshindani asiyezijua gharama zake hushusha bei kwa kubahatisha, na hugundua kosa lake benki inapokuja kuchukua gari.

Siku nzima kwa marobota ya pamba

Njia haikuwa tambarare. Mizigo ilipopungua katika miaka ile ya shida, McLean alilazimika kuacha kukaa ofisini na kurudi kwenye usukani. Ndivyo alivyojikuta, siku moja mwishoni mwa Novemba 1937, gatini Hoboken, New Jersey, akiwa amebeba marobota ya pamba ya kusafirishwa ng'ambo kwa meli.

Foleni ilikuwa ndefu. Makuli walikuwa wakitoa mzigo kwenye lori moja baada ya jingine, kipande kwa kipande, wanauweka kwenye wavu, winchi inaunyanyua, na wengine ndani ya meli wanaupanga upya. McLean alikaa siku nzima ndani ya lori lake akitazama. Miaka mingi baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipowaza ingekuwaje kama lori lote lingenyanyuliwa na kuwekwa melini.

Baadhi ya wanahistoria wana shaka kama wazo lenyewe lilizaliwa siku hiyo, kwani ilipita karibu miaka 20 kabla hajalifanyia kazi. Lakini hasara ya siku ile haina ubishi kwa mtu yeyote aliyewahi kulala chini ya tela kwenye foleni. Lori lililosimama halichomi dizeli, kwa hiyo linaonekana halina gharama. Kumbe linakula rejesho, bima, posho na safari ya kesho ambayo halitaiwahi. Kama lori linafanya safari nne kwa mwezi na foleni ikaiba moja, mapato yamepungua kwa robo, na gharama ya kusimama haikupungua hata kidogo.

Senti kwa senti

Mwaka 1940 McLean Trucking ilikuwa na malori 30 na mapato ya dola 230,000. Mwaka 1946, baada ya vita, mapato yalifika dola milioni 2.2. Ukuaji huo haukutokana na ujasiri tu. Ulitokana na kubana matumizi mahali ambapo wengine hawakutazama.

Mafuta yalikuwa ya kwanza. Alihamia injini za dizeli na akafanya makubaliano na vituo vya mafuta kwenye njia zake ili apewe punguzo, kisha madereva wakaagizwa kujaza hapo tu. Matela yake yalitengenezwa yakiwa na mabati ya migongo ubavuni badala ya bapa, baada ya utafiti wa chuo kikuu kuonyesha kwamba umbo hilo linapunguza ukinzani wa upepo na kuokoa mafuta. Dereva mgeni aliwekwa na mzoefu, na yule mzoefu alipewa bonasi endapo mwanafunzi wake alimaliza mwaka wa kwanza bila ajali. Ajali moja huweza kumeza faida ya malori kumi, kwa hiyo bonasi hiyo ilikuwa rahisi kuliko gereji.

Mwenye lori moja hawezi kupata punguzo la kampuni kubwa. Lakini wenye malori kumi wakiungana na kujaza kituo kimoja, kununua matairi kwa pamoja na kuajiri fundi mmoja, wanaweza kuongea na muuzaji kwa sauti nyingine.

Boksi 58 melini

Kufikia mwaka 1953 barabara za pwani ya mashariki ya Marekani zilikuwa zimejaa magari. McLean aliona lori likikwama kwenye foleni za miji huku meli zikipita tupu baharini. Akapanga kupakia matela kwenye meli. Baadaye akaona magurudumu yanakula nafasi bure, akabakiza boksi peke yake.

Sheria haikumruhusu mtu mmoja kumiliki malori na meli kwa pamoja. Mwaka 1955 aliiacha kampuni aliyoijenga kwa miaka 21, akakopa dola milioni 42 na kununua kampuni za meli. Watu wa karibu naye waliona ni wazimu, kuacha biashara inayolipa kwa ajili ya ile iliyokuwa inakufa.

Aprili 26, 1956, meli kuukuu ya mafuta iliyofanyiwa marekebisho, Ideal-X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na maboksi 58. Kila boksi lilichukua takriban dakika saba kupakiwa, na meli ilikuwa tayari kwa muda usiozidi saa nane. Wataalamu walipopiga hesabu, kupakia mzigo wa kawaida kwa mikono kuligharimu dola 5.83 kwa tani. Kwa maboksi ya Ideal-X ilikuwa chini ya senti 16. Kwa mzigo wa tani 500 hiyo ni tofauti kati ya dola 2,915 na dola 79.

Hakuwa wa kwanza duniani kuweka mzigo ndani ya boksi. Reli na meli zilikuwa na maboksi yao tangu zamani. Alichofanya ni kuliona lori, gati, winchi na meli kama safari moja yenye gharama moja. Mhandisi wake, Keith Tantlinger, alitengeneza pembe za chuma na kufuli ambazo ziliwezesha maboksi kunyanyuliwa na kupangwa juu kwa juu. Katika miaka ya 1960 McLean aliruhusu hakimiliki hizo zitumike bure, na hiyo ikasaidia dunia kukubaliana vipimo. Ndiyo maana kontena linaloshuka Mombasa linakaa sawasawa kwenye tela lililotengenezwa nchi nyingine kabisa.

Kampuni yake ilipewa jina Sea-Land mwaka 1960. Ilipata kazi kubwa ya kupeleka vifaa vya jeshi la Marekani Vietnam, na mwaka 1969 iliuzwa kwa kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds kwa dola milioni 530. Fungu la McLean lilikuwa dola milioni 160. Mtoto aliyeuza mayai alikuwa mmoja wa matajiri wa nchi yake.

Upande mwingine wa daftari hilo ulijazwa na makuli. Magati ya Manhattan na Brooklyn yaliyokuwa yakilisha maelfu ya familia yalibaki matupu, kazi ikahamia viwanja vipana vya Newark na Elizabeth ambako watu wachache walifanya kazi ya wengi.

Meli 12 na bei ya mafuta

McLean hakuweza kukaa bure. Mwaka 1973 alirudi kwenye udongo, akanunua zaidi ya ekari 350,000 za ardhi oevu mashariki mwa North Carolina, akaiita First Colony Farms. Mipango ilikuwa mahindi, soya, nguruwe na uchimbaji wa mboji ya kuchoma. Kukausha ardhi ya maji kuligharimu sana, na shamba halikuleta alichotarajia. Sehemu kubwa yake baadaye ikawa hifadhi ya wanyama.

Mwaka 1978 alinunua kampuni ya meli ya United States Lines. Wakati huo mafuta yalikuwa ghali na wengi waliamini yatazidi kupanda. McLean akaagiza meli 12 kutoka kiwanda cha Daewoo, Korea Kusini, kwa dola milioni 570, karibu zote kwa mkopo. Zilikuwa kubwa kuliko zote za wakati huo, na ziliundwa ziende polepole ili kuokoa mafuta.

Zilipoanza kazi mwaka 1984 na 1985 hesabu ilikuwa imegeuka. Mapema mwaka 1986 bei ya pipa la mafuta ilianguka kutoka karibu dola 30 hadi chini ya 15. Washindani wenye meli za kasi wakawa hawana tena cha kuogopa, meli zikawa nyingi kuliko mizigo, na nauli zikashuka. Meli za McLean zilikuwa za polepole na deni lake lilikuwa palepale. Novemba 1986 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni moja. Maelfu walipoteza kazi. Mwaka 1988 meli zile 12 zilinunuliwa kwa dola milioni 160 na Sea-Land, kampuni aliyoianzisha yeye mwenyewe.

Ilikuwa ni ile hesabu ya dola 3 kwa wiki, imeongezwa sifuri nyingi. Mkopo wa tipa ulimpandisha kwa sababu mzigo ulikuwepo na deni lilikuwa dogo kuliko kazi ya wiki mbaya. Mkopo wa meli ulimwangusha kwa sababu ulihitaji jambo moja liende sawa kwa miaka mingi, nalo ni bei ya mafuta, ambayo hakuwa na mamlaka nayo. Anayekopa lori kwa kupiga hesabu ya mwezi mzuri anacheza kamari ileile. Hesabu ya mkopo hupigwa kwa mwezi wa masika, barabara imekatika na mteja hajalipa.

Kusubiri kulikohamia getini

McLean alijiondoa machoni pa watu kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa anakaribia umri wa miaka 80, alianza tena na kampuni ndogo, Trailer Bridge, ya kusafirisha matela kati ya Florida na Puerto Rico. Alifariki dunia Mei 25, 2001, New York, akiwa na miaka 87. Asubuhi ya mazishi yake, meli za makontena katika bahari mbalimbali zilipiga honi kumuaga.

Wakati huo kwao Marekani mambo yalikuwa yamegeuka kwa namna ambayo kijana wa Hoboken angeitambua. Baada ya serikali kulegeza sheria za malori mwaka 1980, kazi ya kutoa makontena bandarini iliangukia zaidi kwa madereva wenye malori yao, wanaolipwa kwa safari. Meli ambayo zamani ilikaa gatini siku nyingi sasa inapakuliwa kwa saa chache, kwa kuwa mwenye meli anajua kila saa inamgharimu kiasi gani. Dereva aliye kwenye foleni ya geti, anayelipwa kwa kontena analotoa, hasubiri kwa gharama ya mwenye meli. Anasubiri kwa gharama yake.

Hivyo kontena halikuondoa kusubiri. Liliondoa kusubiri kwa meli na kukuhamishia kwa mtu asiye na nguvu ya kudai malipo. Foleni za malori katika mipaka ya Malaba na Tunduma zimewahi kuwafundisha hivyo hivyo wenye malori wa Afrika Mashariki, siku baada ya siku.

Kwa hiyo anayetaka kununua lori lake ana swali la kumuuliza mteja kabla ya swali la nauli: lori likisimama siku tatu kwako, nani analipa? Saa za bure za kupakia na kushusha zinaweza kuandikwa kwenye mkataba, na baada ya hapo kila siku ikawa na bei. Mteja akikataa kabisa kuandika, basi siku hizo ziwekwe ndani ya nauli tangu mwanzo. Na nauli hiyo isipolipa, ni heri mkulima akodi lori la mwingine msimu huu, huku akiandika kwenye daftari kila siku ambayo lori hilo litasimama shambani kwake.